Mjadala: Beit al-Ajaib kwanza, au nyumba tunazolala?

Mpangaji wa Kiponda

Ndugu zangu, sifichi msimamo wangu: fedha yoyote itakayopatikana kwa ajili ya majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ianzie kwenye nyumba zenye watu. Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la masultani pale Forodhani, ingoje.

Thamani yake naijua. Sultani Sayyid Barghash aliijenga 1883, na ndiyo ya kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ilivunja jumba la jirani, yenyewe ikabaki wima. Uzembe wetu ndio ulioifanya ilivyo. Mwaka 2012 kona ya varanda ilidondoka, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo ya fedha za Oman yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na kuua watu wawili.

Sasa njooni huku kwetu, vichochoroni mwa Kiponda. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja leo inakaliwa na familia chungu nzima. Kila mtu kakata chumba chake, kaongeza choo ghorofani, maji yanashukia kwenye boriti. Kodi yenyewe hainunui hata chokaa ya ukuta mmoja. Mpangaji anasema nyumba si yake. Mwenyewe anasema haimwingizii kitu. Nyingine warithi wako Muscat na London, hawapatani hata nani ashike funguo.

Mzee wa Malindi

Umechanganya mifuko miwili, mwanangu. Pesa ya Oman ilikuja kwa ajili ya jumba la Barghash, haikuja kwa ajili ya choo cha Kiponda. Ukiikataa, hairudi kwako, inarudi kwao. Na hadhi ya Urithi wa Dunia tuliyopewa na UNESCO 2000 inatulisha sote, hata muuza urojo. Mgeni akifika Forodhani akakuta kifusi, atakuja huko kwenu kutazama nini?

Fundi chokaa

Nyinyi mnagombania pesa, mimi nauliza atakayejenga ni nani. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya maji na zinayatoa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inakula jiwe, na baada ya masika machache lipu yote inabanduka na vipande vya ukuta. Nimeyaona haya hata kwenye nyumba zilizopakwa rangi nzuri juzi tu.

Chokaa inataka subira: kuichoma tanuni, kuiroweka muda mrefu, kupiga lipu nyembamba tabaka kwa tabaka. Boriti za mikoko nazo fupi, mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu vyembamba. Vijana wanaoyajua haya siku hizi ni wachache mno. Watajifunzia wapi? Kwenye jumba la ghorofa ndefu lenye nguzo za chuma, au kwenye nyumba ya ghorofa mbili ambayo mtu akikosea anabomoa na kurudia? Dispensari ya zamani pale Mizingani, aliyoianzisha tajiri wa Kihindi Tharia Topan, shirika la Aga Khan liliifufua miaka ya 1990. Kwa hiyo inawezekana, mafundi wakipewa muda.

Mpita Darajani

Na hiyo "kama ilivyokuwa" ni ipi? Mnara wa saa wa mbele ni wa baada ya mizinga, si wa Barghash. Mnarudisha ya 1883 au ya 1897?

Mpangaji wa Kiponda

Hilo wataalamu wamalizane wenyewe. Mzee wangu, shikamoo. Nakubali mfadhili hachaguliwi pa kutoa. Lakini anayekaa naye mezani ni serikali yetu, na Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Kwa nini kila mkataba wa jumba kubwa usitengewe fungu la nyumba za wapangaji, na mafundi wake wakaanzia huko?

Binti Shangani

Da, umesahau jambo moja. Nyumba ikishapigwa chokaa na milango yake ikang'arishwa, wewe hurudi. Inakuwa hoteli. Hapa Shangani jirani zangu walihama "kwa muda wa matengenezo" na sasa wanakaa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe.

Mpangaji wa Kiponda

Basi haki ya mpangaji kurudi iandikwe na kutiwa saini kabla fundi hajasimamisha jukwaa. Bila hilo, bora boriti zangu zinazovuja.

Mzee wa Malindi

Marahaba. Hapo sasa tunazungumza. Lakini saini ya nani, na warithi wako London?