Kuvuna mninga na mpingo bila kuua msitu wa kijiji, inawezekana kweli?

Msitu_wa_Kusini:
Wakuu habari za majukumu. Niko kwenye kamati ya maliasili ya kijiji huku mkoani Lindi, msitu tunao wa maana tu, mninga upo, mkongo upo, mpingo ndo usiseme. Sasa kaja mnunuzi ana hela mkononi anataka mkataba achukue mninga wote mnene kwa mkupuo, anasema miti midogo inabaki kwa hiyo msitu uko palepale. Vijana wanasema tuuze tujenge zahanati, wazee wanasema tukianza tu kukata basi hondohondo, komba na nyuki tuwaage. Kuna anayejua namna ya kuvuna na viumbe wakabaki, au hizo ni stori za semina? Nawasilisha.

Kisiki_Kibichi:
Mkuu kwanza huo msitu umetengwa kisheria? Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, mnakuwa na mpango wa usimamizi na sheria ndogo, mrabaha wa magogo unaingia kijijini. Kama haujatengwa mrabaha unaenda serikali kuu, nyie mnabaki na visiki.

Na si stori za semina. Nendeni Kilwa mkaone. Vijiji vya Kikole na Kisangi walipata 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha kuthibitisha msitu unavunwa vizuri, wakisaidiwa na MCDI, shirika la uhifadhi la hukohuko Kilwa, msitu wa asili kabisa unaosimamiwa na wanakijiji, na Nanjirinji wamejenga madarasa kwa hela ya magogo. Kule msitu unapimwa kwanza, miti inahesabiwa kwa aina na unene, ndo inapatikana idadi ya kukata. Mnunuzi haingii msituni kuchagua, anaonyeshwa: huu na huu na ule. Ukishaanguka gogo na kisiki vinagongwa nyundo ya alama, ijulikane umekatwa kihalali. Kwa mpingo msisahau uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, mzigo wa kwenda kutengenezwa klarineti nje lazima uwe na karatasi zake.

Mlina_Asali:
Hilo neno "wote mnene" ndo baya kuliko yote aisee. Mninga mnene ndo wenye mbegu. Halafu huyo anayesema midogo itabaki, muulize kama anajua mche wa mninga unavyoishi. Kiangazi kikifika unakauka juu wote unadhani umekufa, kumbe mzizi uko hai chini unanenepa, mvua zikija unachipua tena, kiangazi unakauka tena, miaka inaenda hivyo hivyo mpaka mzizi ushibe ndo shina linapanda jumla. Sasa ukikata minene yote ukaacha matawi yamelala chini yakikauka, moto wa mwezi wa tisa ukipita hapo unawaka mkali kuliko wa majani peke yake, hiyo miche inaanza upya au inakufa kabisa. Sisi tunachoma mapema nyasi zikiwa bado na unyevu, moto unapita taratibu.

Kingine, mti wenye pango ACHENI. Hondohondo jike anaingia humo kutaga, mlango unazibwa kwa udongo inabaki nafasi ya mdomo tu, dume ndo analeta chakula. Ukiangusha mti huo umeua familia nzima na mbao yenyewe hupati maana ndani ni wazi. Nyuki nao humohumo.

Seremala_Dar:
Mnaongea vizuri ila soko hamlijui. Mbao ikishafika mjini ni wachache wanaouliza imetoka wapi, ya magendo inauzwa chini na ya kijiji chenye cheti inagharama zake, fundi ana mteja anayebembeleza bei, atachukua ipi? Na wateja wamekariri mninga tu. Miti mingine ipo, mtondoro nimeshaupiga randa, mgumu unachosha mkono kweli ila ukikaushwa vizuri unatoa meza safi, mpangapanga ndo kabisa. Mkiuza aina nyingi kidogo kidogo mninga utapumua, tatizo ni kumshawishi mtu wa kununua.

Mama_Muheza:
Mimi niongeze la huku Usambara Mashariki. Miaka ya themanini kule Amani mashine ziliingia msituni zikafungua anga, na uvunaji ulikuja kusimamishwa wananchi na wataalamu walipopiga kelele. Lakini kwenye yale mapengo mhesi ukajaa, mti wa kuletwa, na wanaosambaza mbegu zake ni hao hao hondohondo mnaowalilia 😂 Kwa hiyo ndege kuwepo peke yake sio ushahidi kwamba msitu una afya. Angalieni pia kwenye pengo kinaota nini.

Msitu_wa_Kusini:
Asanteni sana wakuu, dada wa Muheza hilo sikulijua kabisa. Msitu wetu mipaka imeshawekwa ila mpango wa uvunaji hatuna, nitaomba mkutano mkuu wa kijiji mkataba usisainiwe kwanza. Ila huyo mnunuzi kasema yuko tayari kulipia gharama za kupima, tumkubalie?

Kisiki_Kibichi:
Hapana! Akilipia yeye ndo atakayesema mpite wapi na mhesabu nini. Anza kwa afisa misitu wa wilaya, na watakaoshika futi wawe vijana wenu wenyewe pamoja na hao wazee wanaokataa.