Halmashauri kupunguza matumizi bila kukata huduma: tuanzie wapi?

Kasma27
Wakuu, baraza linataka matumizi ya kawaida yashuke asilimia 8 mwaka ujao wa fedha, na mishahara isiguswe. Pendekezo lililo mezani ni kila idara ikatwe asilimia ileile. Hesabu inafunga, ila matengenezo ndiyo yatakayoumia kwanza, maana kifungu hicho hakina wa kukitetea. Tuchambue nini kabla ya kufika huko?

MkaguziWaNdani
Kukata sawa kwa sawa humwadhibu mwangalifu na kumpa nafuu aliyejaza bajeti yake maji. Achana kwanza na kitabu cha bajeti, fungua leja, yaani daftari la malipo yaliyofanyika. Toa malipo yote ya miezi 24, kisha yapange kwa jina la mlipwaji, si kwa idara.

Hapo utaziona ankara zilizolipwa mara mbili: kiasi kilekile, mlipwaji yuleyule, namba ya ankara imetofautiana kwa mkwaju (/) au sifuri ya mbele tu, ndiyo maana mfumo haukuikataa. Utaona pia idara tano zikinunua karatasi kwa mzabuni mmoja kwa bei tano. Dawa yake ni mkataba mmoja wa bei kwa mwaka, kila idara iagize humo. Halafu kuna malipo ya kila mwezi yasiyo na mwenyewe: laini za simu, leseni za programu za watumishi walioondoka, pango la ghala tupu.

Na mishahara kutoguswa si kutokaguliwa. Linganisha orodha ya malipo na barua za ajira, kisha tafuta akaunti moja ya benki yenye majina mawili.

Volti
Ongeza umeme. Zungukia mita zote na ankara mkononi. Mita isiyoonekana kwenye jengo lolote, omba ikatwe. Pampu za maji zikiwa zinatozwa kwa kVA (kipimo cha umeme wote unaovutwa), angalia pawafakta, yaani uwiano wa kW zinazofanya kazi kwa kVA hizo. Mzigo wa kW 100 kwa 0.75 unadai kVA 133. Ukifunga kapasita, kifaa cha kuupandisha uwiano huo, ukafika 0.95, unadai 105. Usivuke 1, kapasita zikizidi mzigo huleta matatizo mengine.

Taa za barabarani: ya sodiamu ya wati 150 hula kama 170 pamoja na balasti yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa). LED ya wati 70 huokoa wati 100. Ikiwaka kwa muda wa saa 11 kila usiku, yaani takriban saa 4,000 kwa mwaka, ni kWh 400 kwa taa moja. Lakini kabla ya kununua chochote, pita mchana uhesabu zinazowaka. Kitambuzi cha mwanga kikifa, mara nyingi huiacha taa ikiwaka, na ankara yake inaongezeka maradufu.

Kasma27
Shukrani. Kwa hiyo taa 500 niandike akiba ya kWh 200,000 kwenye bajeti?

MwekaHazina
Hapana, ndugu. Zikifungwa katikati ya mwaka, andika nusu, na utoe gharama ya kuzifunga. Kama taa zinatozwa bei maalumu kwa idadi bila mita, hutaona senti mpaka mtoa umeme abadilishe orodha yake, kwa hiyo barua hiyo itangulie mafundi.

Tenganisha safu tatu: akiba ya mara moja (fedha za ankara zilizolipwa mara mbili zikirudishwa), akiba ya kila mwaka, na gharama iliyoepukwa. Asilimia 8 yako inajazwa na safu ya pili tu. Muda wa watumishi uliookolewa na mfumo mpya si fedha, isipokuwa saa za ziada zimepungua au nafasi iliyo wazi imefutwa. Hapa ndipo mipango mingi huvunjikia.

Matengenezo usiyakate. Usipozibua mifereji, maji huingia chini ya lami, na kiraka kinageuka ujenzi upya.

Volti
Nimesahau maji. Soma mita ya jengo saa 4 usiku na saa 11 alfajiri wakati hakuna mtu. Ikiwa imesogea, kuna uvujaji. Anza na matangi ya vyoo: tia rangi ya chakula ndani ya tangi, subiri dakika 20 bila kuvuta. Rangi ikitokea bakulini, badilisha mpira wa vali.