Kanzu zimeungua, nyuso zimekuwa giza: nipigeje picha za watu nje jua likiwa utosini?

Kijana wa Bugembe (mleta uzi)

Ndugu zangu wapiga picha, nawasalimu nyote. Mimi bado mchanga katika kazi hii, niko upande wa Jinja, Uganda, na ninatumia kamera ya kihisi kidogo yenye lenzi yake ya 18–55mm, pamoja na 50mm f/1.8 niliyoinunua kwa mtu. Majuzi niliitwa kupiga picha kwenye kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya binti), na wazee wakaamua kwamba picha ya familia ipigwe saa saba mchana, katikati ya uwanja, migomba ikiwa nyuma yao. Kwa hofu ya kuwachelewesha watu chakula nikaiacha kamera ijipangie kila kitu. Nilipofungua picha nyumbani nikakuta macho ya binti yamekuwa mashimo mawili meusi, kivuli cha pua kimemshukia mdomoni kama masharubu, na kanzu za wanaume zimeungua kwa mwanga mwingi kiasi kwamba hata tarizi nyekundu ya shingoni haionekani. Nusu ya malipo yangu sijaipata mpaka leo, na kusema kweli sina uso wa kuidai.

Jumamosi ijayo nina kazi nyingine ya aina hiyo hiyo. Naomba mnielekeze mipangilio ya kamera, na mniambie kama pesa kidogo niliyo nayo niinunulie flashi.

Fundi Kivuli

Kaka, pole sana. Niseme mapema kwamba hakuna namba ambayo ungeipanga kwenye kamera ikaiokoa picha ile, kwa sababu kosa lilikuwa mahali ulipowasimamisha watu. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na kwa kuwa saa zetu tunazifuatisha na nchi zilizo mashariki yetu, jua halifiki kileleni saa sita kamili bali karibu na saa saba kasorobo, kwa hiyo wazee walikuchagulia wakati mbaya kuliko wote. Mwezi wa Machi au Septemba, ukisimama wakati huo pale Kayabwe kwenye alama ya ikweta, kivuli chako unakikanyaga kwa viatu vyako mwenyewe.

Mwanga wa namna hiyo hulipiga paji la uso na ncha ya pua, ukayaacha macho gizani. Dawa yake ni kumwingiza mtu kivulini, lakini asizame ndani; asimame hatua moja au mbili tu kutoka ukingoni, uso wake ukielekea kwenye uwazi wa anga au ukuta mweupe unaopigwa na jua. Baraza ya nyumba inafaa sana kwa kazi hii. Kabla hujamwita mtu yeyote, inua kiganja chako mbele ya uso, uzunguke polepole, nawe utaona pale ambapo vivuli vya vidole vinalainika. Mtu akishasimama, mwangalie mboni: ukiona nukta nyeupe upande wa juu, umepata mahali.

Jihadhari na mwembe, ingawa kila mwenyeji atakupeleka huko. Jua hupenya kwenye majani likawatia watu mabaka, na hata pasipo mabaka ngozi hupata ukijani. Jihadhari pia na udongo wetu mwekundu, maana murramu iliyopigwa na jua hurudisha rangi ya chungwa chini ya videvu na kuzifanya kanzu zionekane kama hazijafuliwa. Mimi hutandika shuka jeupe chini, mbele ya miguu yao, nje ya fremu; huzuia wekundu huo na papo hapo huyapa macho mwanga kutoka chini.

Mama Picha, Mbale

Ongezeni mahema. Hema jeupe ni zuri kuliko taa nyingi za studio, lakini hema la bluu au jekundu litawapaka watu rangi ambayo hutaweza kuiondoa vizuri, kwa kuwa upande mmoja wa uso utapata rangi ya hema na upande mwingine rangi ya mchana. Watoe nje ya hema la namna hiyo.

Lenzi Hamsini

Nijibu la mipangilio, kwa kuwa ndilo aliloliuliza. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Kikiona kanzu nyingi nyeupe, kinapunguza mwanga na nyuso zinazama gizani. Kikiona migomba yenye giza, kinaongeza mwanga na kanzu zinaungua. Kwako, mdogo wangu, migomba ilishinda kanzu, halafu jua la utosini likamalizia kwenye macho. Tumia modi ya M (ya kupanga mwenyewe), upime kwa nukta moja kwenye shavu la mtu, na kwa ngozi nyeusi uiache alama ya kipimo ikae chini ya sifuri kwa nusu hatua hadi hatua moja (hatua hapa ni kipimo cha mwanga: hatua moja chini ni nusu ya mwanga), la sivyo uso utatoka na rangi ya majivu. Hifadhi faili za RAW (picha ghafi), na uwashe onyo la kumeta, linalopepesa kwenye skrini pale palipoungua, ili uone mara moja kama kanzu imepoteza nyuzi zake.

Katika kivuli kilicho wazi, siku ya jua kali, mimi huanzia f/4 (uwazi wa lenzi; namba ikiwa ndogo mwanga huingia mwingi), shata 1/250 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga huingia) na ISO 100 (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) kwa mtu mmoja au wawili. Kwa familia nzima iliyopangwa safu mbili, huenda f/8, shata hiyo hiyo, na ISO 400. Usidanganywe na ile f/1.8: kwa kihisi chako, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kali haizidi sentimita sita hivi, kwa hiyo jicho litakuwa kali na sikio limeyeyuka. Hiyo 18mm nayo usimsogelee mtu nayo, maana pua itavimba.

Radi ya Mchana

Mimi ningenunua flashi, ila ujue hesabu yake. Kwenye jua kali na ISO 100, kamera nyingi hukubaliana na flashi kwa shata isiyozidi 1/200 au karibu yake, jambo linalokulazimisha kufunga lenzi hadi f/11, na mandhari yote ya nyuma yatakuwa makali. Kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) cha hatua 3 kinakurudisha f/4, lakini nacho kinapunguza mwanga wa flashi kiasi hicho hicho.

Fundi Kivuli

Ndiyo maana namwambia anunue kiakisi (kitambaa cha kurudishia mwanga usoni) cha mita moja kwanza, na abaki na chenji.

Kijana wa Bugembe (mleta uzi)

Nawashukuru sana. Leo saa saba nimemvalisha kaka yangu kanzu nikamsimamisha barazani, shuka chini, nikapima shavuni. Picha ya nne ndiyo ya kwanza maishani mwangu kuona tarizi na mboni za macho pamoja. Linabaki moja: wazee wakikataa katakata kutoka uwanjani, nifanyeje?

Mama Picha, Mbale

Wazee hawabishiwi, mwanangu. Panda juu ya kiti, uwaombe wote wainue nyuso kukutazama. Paji la uso likilala nyuma, jua linaingia machoni. Watakunja nyuso, kwa hiyo waambie wafumbe macho, uhesabu hadi tatu, wafumbue, na upige hapo hapo. Halafu waombe wakupe tena dakika kumi kuanzia saa kumi na mbili kasoro jioni, kabla jua halijazama.

Kijana wa Bugembe (mleta uzi)

Kiti nitakwenda nacho mwenyewe.