Acheni kuwatumia Wakorea kuwatesa watoto wetu wa darasa la nne

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kikao cha wazazi, shule moja ya mchepuo wa Kiingereza huku Tegeta, tumetangaziwa kwamba darasa la nne wanaingia "kambi": masomo ya ziada kuanzia kabla ya jua kuchomoza hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi pia. Kwa foleni za Dar, hapo basi la shule linampitia mtoto saa kumi na moja alfajiri. Mama mmoja akauliza, watalala saa ngapi? Akajibiwa, "Wenzetu Korea wanasoma hadi usiku, ndiyo maana wameendelea." Na wazazi wakapiga makofi!

Jamani, hao Wakorea mmewasoma vizuri? Vituo vyao vya tuisheni, hagwon, Jiji la Seoul liliviwekea amri ya kufunga saa nne usiku kwa sababu watoto walikuwa wanakesha. Yaani wenyewe wanahangaika kuupunguza ugonjwa, sisi tunauagiza kama dawa.

Akatajwa na Singapore, maana imeongoza dunia kwa hisabati kwenye PISA (upimaji wa kimataifa wa wanafunzi) ya 2022, alama 575. Sawa. Mbona hatukuambiwa kwamba tangu 2019 Singapore wameondoa nafasi ya mtoto darasani kwenye ripoti zake, na kufikia 2023 wamefuta mitihani ya katikati ya mwaka msingi na sekondari? Huku kwetu Baraza la Mitihani, NECTA, limeacha kutangaza shule zilizoongoza tangu Januari 2023, lakini mabango ya "tumefaulisha wote" bado yananing'inia kwenye mageti. Kambi ni kwa ajili ya bango, si kwa ajili ya mtoto.

Najua kuna atakayeniletea Finland. Mtoto wa kule anaanza darasa la kwanza na miaka saba, mwalimu wake ana shahada ya uzamili, anakula shuleni bure (tangu 1948!), na hakuna mtihani wa taifa mpaka mwisho wa sekondari ya juu. Lakini nao hisabati yao imeporomoka, kutoka 548 mwaka 2006 hadi 484 mwaka 2022. Kila nchi inalipa mahali fulani, hilo silikatai.

Ninachokikataa ni kuchagua ile sehemu tu ambayo bili yake analetewa mtoto wa miaka kumi. Kwenye kikao hakuna aliyetaja mafunzo wala mishahara ya walimu wa nchi hizo. Hakuna aliyesema kwamba Mkorea na Mfini wanajifunza fizikia kwa lugha wanayoongea nyumbani, wakati mtoto wa Kayumba (shule ya msingi ya serikali) anasoma miaka saba kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakutana na baiolojia kwa Kiingereza, akikwama tunamwita mzembe. Na hiyo PISA inapima watoto wa miaka 15, sisi hata hatushiriki!

Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa darasa la kwanza hadi la nne. Sasa mtoto anayefika nyumbani saa mbili usiku, akala, akalala, tofauti yake na wa bweni ni nini?

Wangu haendi kambini, nimeshaandika barua. Majibu niliyopewa ni kwamba "atabaki nyuma na shule haitahusika". Kama kuna mzazi humu aliyekataa kambi na mtoto hakunyanyaswa darasani, naomba aseme alimwona nani: mwalimu mkuu, bodi, au ofisi ya elimu ya manispaa?