Tupeane uzoefu: mzazi kajikwaa kidogo tu, mfupa umevunjika

Mkorosho Mkavu:
Wakuu, salaam. Bi mkubwa wangu ana miaka 67, yuko Newala. Msimu wa korosho wa mwaka juzi alijikwaa kwenye kizingiti akienda kutawadha, akajizuia kwa mkono. Mimi na wewe tungejipangusa vumbi tukaendelea. Yeye kiganja kilipinda kama uma. Akafungwa piopii, wiki sita ikafunguliwa, tukamshukuru Mungu. Mwaka jana ikavunjika nyonga, tena kwa kuteleza tu uani. Ndipo daktari mmoja akatuuliza: "Alipovunjika mkono, kuna aliyewaambia habari ya mifupa yenyewe?" Tukabaki tunatazamana.

Inaitwa osteoporosisi. Nilivyoelewa mimi, mfupa unaliwa kwa ndani mpaka unakuwa na vitundu kama mkate wa kumimina. Kwa kina mama inakwenda mbio hedhi ikikoma, maana homoni ya estrojeni iliyokuwa inaulinda mfupa imeshuka. Na hauumi, ndiyo ubaya wake. Aliyepitia haya atupe yake.

Binti Mikindani:
Pole sana kaka. Bibi yangu mzaa mama wala hakuanguka. Tulichokiona kwanza ni dera. Madera yake yalikuwa yanaishia kwenye vifundo, yakaanza kuburuza, akawa anayapindia kwa sindano moja baada ya jingine. Tukasema yamelegea kwa kufuliwa. Kumbe ni yeye anayefupika, pingili za mgongo zinabonyea. Maumivu ya mgongo tuliyaita uzee, tukamletea mtu wa kumkanda kwa mafuta ya nazi. Alikuwa anamkandamiza kwa goti! Nikilikumbuka lile goti mwili unanisisimka.

Babu Nahodha:
Msiwaachie wanawake peke yao. Mimi mwanaume wa Kilwa, miaka 58, nina pumu. Miaka mingi nikibanwa nanunua prednisolone mwenyewe duka la dawa, nameza. Mwaka huu nimekohoa, ubavu ukalia ko! Nikaambiwa vidonge vile ukivizoea vinakula mifupa. Ila mnaovitumia kila siku msiviache ghafla, hiyo nayo ni hatari. Nendeni kwa daktari avipunguze taratibu.

Chikongola Boy:
Sisi tulianzia kwa mganga wa mifupa. Wiki tatu zimeteketea, na jogoo mmoja.

Sista wa Nachingwea:
Niko kada ya afya. Kipimo chenyewe kinaitwa DEXA, ni eksirei ya kupima ujazo wa mfupa. Lakini mtu wa zaidi ya miaka 50 aliyevunjika nyonga kwa kuanguka akiwa amesimama tu, jibu karibu limeshapatikana. Muulizeni daktari habari ya tiba siku hiyohiyo, msingoje avunjike tena.

Chakula: mama wa zaidi ya miaka 50 anahitaji kalsiamu kama miligramu 1,200 kwa siku. Dagaa wanaoliwa na miba yao wanasaidia. Mchicha mnaousifia una kalsiamu, ila mwili unaambulia kidogo sana. Na ufuta jamani! Tunalima magunia, tunauza wote, nyumbani hakibaki hata kibaba cha kunyunyiza kwenye mboga.

Mkorosho Mkavu:
Asante Sista. Kile kizingiti nimekivunja, na njia ya chooni nimeweka taa. Swali: bi mkubwa kapewa alendronate, dawa ya hiyo mifupa, kidonge kimoja kila wiki. Analalamika kinamchoma kifua, anataka kuacha.

Sista wa Nachingwea:
Anakunywaje? Kinatakiwa asubuhi kabla ya chochote, maji glasi nzima, kisha akae wima nusu saa. Hata chai asubiri. Na kama kifua bado kinachoma, asimeze kingine kabla hajaonwa na daktari.

Mkorosho Mkavu:
Nimempigia sasa hivi. Anameza alfajiri kwa funda moja la maji, halafu anarudi kulala.