Naomba ushauri: ng'ombe wa mchezo kamvunja mguu shemeji, nani alipe?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwenye kuijua sheria anisaidie.

Shemeji alikuja Pemba kututembelea, tukampeleka mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchokoza dume na kumkwepa mbele ya watu. Kizuizi cha watazamaji kilikuwa kamba ya usumba, kuukuu, imefungwa mnazini. Fundo likafunguka, dume likatuvamia. Shemeji kavunjika mguu.

Mwandalizi anasema aliyekuja kutazama ng'ombe kaikubali hatari. Hainiingii akilini: kukubali mchezo ndio kukubali na kamba mbovu?

Nijuavyo, kwenye uzembe tuthibitishe alikuwa na wajibu wa kutulinda, akaukiuka, na ndiyo sababu ya madhara. Dhima isiyohitaji uzembe, yaani kulazimika kulipa hata bila kuzembea, ndiyo inayonitatiza. Katika sheria ya Kiingereza ya zamani, ng'ombe ni mnyama wa kufugwa, mwenyewe hubanwa akithibitika alijua kuwa huyo wake ni mkali. Na huyu alisifiwa ukali kwenye kipaza sauti, watu wazima wanasikia!

Je, tumdai mwenye ng'ombe, mwandalizi, au wote? Na tukisuluhishwa kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, tukapokea pesa ya matibabu, bado tutaweza kwenda mahakamani? Mwandalizi anataka jibu Ijumaa.