Mjadala: Tela la kujichomelea nyuma ya pikipiki, liachwe barabarani Kigoma au lizuiwe?

MWENYE TELA (mleta mada)
Wakuu habari za asubuhi, wazee shikamooni. Nalileta hili hapa kwa sababu kijiweni tumelibishania mpaka tumenuniana.

Nina pikipiki ya cc 150. Abiria niliacha zamani, nabeba mizigo tu: mawese kutoka Simbo na Mwandiga kuleta Mwanga, na asubuhi nyingine dagaa kutoka mwaloni Kibirizi. Mwezi wa tatu nilichomelea tela. Skwea paipu, mbao chini na pembeni, magurudumu mawili niliyoyatoa kwenye pikipiki zilizokufa. Juzi trafiki mmoja akanisimamisha kwenye ule mteremko wa kushuka stesheni. Akalizunguka tela mara mbili, akauliza, "Hiki kina namba?" Nikamjibu pikipiki ina namba. Akasema, "Sijauliza pikipiki." Hakuniandikia kitu. Aliniambia nigeuze nirudi nilikotoka, na tukikutana tena nisimlaumu.

Sasa nisikilizeni. Dumu la lita 20 likijaa mawese lina kilo 18 na kitu. Kabla ya tela nilikuwa nafunga madumu sita kwenye keria, mawili kila upande na mawili juu. Hizo ni kilo 110 juu ya gurudumu la nyuma, usukani mbele umekuwa mwepesi kama karatasi, na mpira wa kufungia ukikatika unamwaga mafuta ya watu barabarani. Kwa mzigo ule sikuwahi kusimamishwa hata siku moja. Leo madumu yaleyale sita yako chini, usawa wa goti, mimi nimekaa mwenyewe kwenye siti, naambiwa ni hatari. Hatari ni tela, au ni kwamba macho hayajalizoea?

DEREVA WA HIACE
Hatari ni kwamba usiku halionekani. Nilikuwa natoka Kasulu, saa mbili usiku, nimekaribia Mwandiga. Mbele yangu kuna pikipiki, taa yake ya nyuma siioni. Nikaipita, nikaanza kurudi upande wangu, konda akapiga kelele. Nilidhani nimeshampita, kumbe nimempita yeye tu, tela lake liko usawa wa mlango wangu. Mzigo wake umeifunika taa, na tela lenyewe halina hata kipande cha riflekta. Mimi nasema yazuiwe.

MAMA WA MAWESE
Mwanangu dereva, pole kwa hiyo siku, lakini usiseme yazuiwe. Mimi ndiye mwenye yale madumu. Kuna mwaka kijana wangu wa pikipiki alianguka na madumu matano, mawili yakapasuka. Yeye alichubuka goti, mimi mtaji ukaingia mchangani, na nani utamdai? Tangu nianze kubebewa kwa tela sijamwagikiwa dumu.

Mtaniambia nikodi kirikuu au guta la mota. Kirikuu haifiki mashineni kule ninakochukulia, njia ni ya mguu, kushoto shamba la michikichi na kulia shamba la muhogo. Na mwenye guta hatoki mjini mpaka mzigo ujae. Mimi ni madumu sita, nane siku ya soko.

FUNDI WA GUNGU
Mimi ni fundi wa kuchomelea na matela haya yanapita mikononi mwangu, mengi yakija kutengenezwa baada ya mtu kujifanya fundi. Kabla hatujaruhusu wala kuzuia, tujue tunazungumzia tela lipi, maana yapo ya aina aina.

La kwanza ni kiungo. Pikipiki si gari. Gari likikata kona linabaki wima, pikipiki inalala. Tela la magurudumu mawili halilali, linabaki sawasawa na barabara. Kwa hiyo kiungo lazima kicheze pande tatu: kupanda na kushuka kwenye matuta, kwenda kushoto na kulia kwenye kona, na kujizungusha chenyewe pikipiki inapolala. Wengi wanapitisha bolti moja kwenye paipu, wanakaza, wanaondoka. Bolti ile inacheza upande mmoja tu. Siku utakapokata kona kwa mwendo, ama tela litakukatalia kulala utoke nje ya barabara, ama utalinyanyua gurudumu moja hewani. Mimi natumia msalaba wa propela shafti wa gari bovu, nyuma yake naweka paipu ndani ya paipu yenye grisi ili izunguke. Pembeni unapita mnyororo, kiungo kikikatika tela lisiende kumtafuta mtu.

La pili, mahali pa kufungia. Usifungie kwenye keria! Kiungo kikiwa juu, ukipanda mlima tela linavuta kwa juu na tairi la mbele linataka kunyanyuka. Kiungo kikae chini, karibu na usawa wa ekseli ya nyuma, na kishikwe na fremu.

La tatu ndilo linalowaangusha wengi. Ekseli ya gurudumu la pikipiki imetengenezwa ishikwe pande mbili, kulia na kushoto. Wewe unaichomelea ikishikwa upande mmoja kama gurudumu la gari. Wiki ya kwanza inabeba. Wiki ya tatu njoo uliangalie gurudumu kwa nyuma: limepinda juu, linakula tairi ubavuni. Kila gurudumu liwe ndani ya fremu yake, chuma huku na huku. Wengine wanaweka magurudumu ya toroli la zege, yale nayo ni ya mwendo wa mtu anayetembea. Mwendo wa pikipiki ukiyapeleka umbali, beringi inachemka mpaka unasikia harufu.

Halafu mzigo. Uzito ukae mbele kidogo ya ekseli ya tela. Kabla hujaunga, nyanyua ule mkono wa tela kwa mkono wako. Ukiona unanyanyuka mwepesi mno, au unataka kwenda juu wenyewe, mzigo umekaa nyuma, na tela la namna hiyo likishika mwendo linaanza kuyumba kama mkia wa mbwa. Hapo usifunge breki kwa pupa. Achia mafuta taratibu. Mzigo kama ni kilo 100, mkono ukulemee kama kilo 10 hivi.

Mleta mada, nijibu: kiungo chako ni cha namna gani?

MWENYE TELA
Fundi, sikufichi. Kilikuwa bolti. Nilibadilisha baada ya kona ya kwanza, na sitasema ilikuwa kona ipi kwa sababu shemeji yangu anasoma hapa na pikipiki ni yake. Sasa ni msalaba.

MTOTO WA URAMBO
Salamu kutoka Tabora. Huku kwetu tambarare, tumbaku na mahindi vinatembea kwa mkokoteni wa ng'ombe, na wachache wameanza kufunga vimkokoteni nyuma ya pikipiki. Shida yetu ni mchanga. Pikipiki inapita kwenye mfereji mmoja, tela la magurudumu mawili linakanyaga kingo mbili laini, klachi inaungua kabla ya kufika sokoni. Kuna jamaa ametengeneza la gurudumu moja, linafuata tairi la nyuma na linalala pamoja na pikipiki. Linapita vizuri sana. Kulisimamisha likiwa na mzigo, sasa! Linataka watu wawili.

MWALIMU
Mleta mada, umeuliza swali zuri na naona hakuna aliyekujibu. Umesema madumu sita kwenye keria na madumu sita kwenye tela ni mzigo mmoja. Ukipanda, sawa. Ukishuka hapana.

Mzigo ukiwa kwenye keria unaligandamiza gurudumu la nyuma. Gurudumu hilo lina breki, kwa hiyo ule uzito unalisaidia kushika barabara unapofunga. Mzigo ukiwa kwenye tela umekaa juu ya magurudumu mengine mawili, na hayo hayana breki. Breki zako ni zilezile. Pikipiki kilo 120, wewe 70, jumla 190. Tela na mzigo tuseme 150. Umekaribia kuongeza maradufu kitu cha kusimamisha, bila kuongeza chochote cha kukisimamishia. Na ukitoka mwendo wa 20 ukaenda 40, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Sasa uko mteremko wa stesheni, mtoto amekatisha, umefunga, tela linakusukuma mgongoni. Usipokuwa umenyooka, litakukunja.

Waingereza wanaruhusu pikipiki kuvuta tela, lakini sikilizeni masharti. Injini iwe zaidi ya cc 125. Tela lisizidi upana wa mita 1, na kutoka ekseli ya nyuma ya pikipiki hadi mwisho wa tela isizidi mita 2.5. Uzito wa tela pamoja na mzigo wake usizidi kilo 150 au theluthi mbili ya uzito wa pikipiki, kinachochukuliwa ni kilicho kidogo. Pikipiki ya kilo 120, theluthi mbili ni 80. Tela tupu toa 40. Unabakiwa na madumu mawili.

Madumu mawili, mama yangu. Hayo hata keria inabeba.

MAMA WA MAWESE
Mwalimu, kwa hesabu hiyo na baiskeli za wanetu wanaotoka vijijini na ndizi mtazifungia ndani.

FUNDI WA GUNGU
Mwalimu kanikamata pa kweli. Breki. Ila ina dawa, na dawa yake kwa pikipiki ni rahisi kuliko kwa gari. Chukua magurudumu ya nyuma ya pikipiki badala ya ya mbele, yale yenye breki za ndani. Mkono wa tela uwe paipu inayoteleza ndani ya paipu, na springi. Ukifunga breki, tela linakuja mbele, paipu inaingia, inavuta waya, waya unafunga breki za tela. Kadiri linavyokusukuma ndivyo linavyojifunga. Kwenye gari mpango huu unaleta usumbufu ukirudi rivasi, maana tela linadhani unafunga breki. Pikipiki haina rivasi.

Nimelitengeneza hivyo moja tu mpaka sasa. Wateja wakisikia bei ya kuongeza breki wanasema "nitarudi".

MZEE WA SHERIA
Vijana, mimi nawaambia mlikokwama ni kwingine kabisa. Sheria ya Usalama Barabarani tuliyonayo, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Mwaka huo bodaboda haikuwepo hata kwenye ndoto. Lakini yule trafiki hakukosea kuuliza namba. Angalia semi trela: kichwa kina namba yake na tela lina namba yake. Tela ni chombo. Wewe la kwako ukilipeleka kusajiliwa, namba ya chesisi utaitoa wapi? Na bima ya pikipiki uliikata kabla tela halijazaliwa. Siku likimgonga mtu, utamweleza nani?

SIDO nayo ilianzishwa mwaka huohuo wa 1973, kazi yake ni kuhudumia viwanda vidogo, na hapa mkoani ipo. VETA, chuo cha ufundi, ipo. Kwa nini mafundi msipeleke tela moja, lenye msalaba na breki, likapimwa, likawa ndio mfano? Mkitaka kuruhusiwa pelekeni kitu cha kuruhusiwa. Kwa sasa kila tela ni la kabila lake.

DEREVA WA HIACE
Mzee, shikamoo. Hapo nakubali. Ila mimi hofu yangu haijajibiwa. Hata likipimwa SIDO na muhuri ukapigwa, kesho atapakia nini? Keria ina mwisho, madumu yakizidi sita yanaanguka yenyewe. Tela halina mwisho. Mleta mada, umesema unabeba na dagaa. Sanduku lako la dagaa lina kimo gani?

MWENYE TELA
Mbao za pembeni zinafika kiunoni. Dagaa wakavu ni wepesi na wanajaza, gunia kubwa mtu mmoja analibeba.

DEREVA WA HIACE
Na hilo sanduku la dagaa la kufika kiunoni, mama akikuletea madumu kumi utamwambia halina nafasi?

MAMA WA MAWESE
Kumi tulishabeba. Siku ya sikukuu.

MWALIMU
Kumi ni kilo 180 na zaidi. Na msije mkafika kwenye pipa. Pipa la lita 200 lililo nusu ni baya kuliko lililojaa, mafuta yanacheza ndani na kila yakienda upande tela linayafuata.

MWENYE TELA
Nimekaa kimya tangu jana. Nilikwenda kulipima kwenye mzani wa gunia pale sokoni, tela tupu, upande mmoja mmoja na mkono wake. Nilikuwa nasema kilo 25. Ni 43. Zile mbao za mninga nilizojivunia ndizo zimenimaliza.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Mbao za pembeni nimezikata, kwa mawese zinabaki usawa wa kushika dumu lisitoke, safu moja, sita mwisho. Siku za dagaa naweka wavu juu, mwepesi. Fundi, magurudumu yenye breki nitakuja tuongee, lakini usinipe bei ya Mwanza. Mpaka hapo mteremko wa stesheni nimeuacha. Sitaanguka na mali ya mama kwa ajili ya ubishi.

Mwalimu, madumu mawili sikubali. Hapo tutabishana mpaka reli iondoke.

MAMA WA MAWESE
Sita sawa. Na bei ya safari inabaki ileile, au zile mbao ulizokata nitazilipia mimi?

MWENYE TELA
Mama, hilo tuongee dukani.

DEREVA WA HIACE
Na taa?

MWENYE TELA
Taa nimenunua. Waya ndio bado.